UZI: Wakili wa mikataba ya serikali anafikaje kwenye kiti cha ujaji wa shirikisho Marekani? Njia nzima, na mahali watu wanapokwama

#1 Nguzo ya Dari

Wakuu, heshima kwenu.

Jina la wakili wa zabuni na mikataba ya serikali likipelekwa Seneti ya Marekani kwa ajili ya ujaji, wengi hulipita bila kulisoma. Naomba safari hii tusilipite. Mahakama wanayopelekwa mawakili wa aina hii ndiyo inayoamua kama serikali kuu ya Marekani itamlipa mtu anayeidai, na serikali hiyo hununua bidhaa na huduma za zaidi ya dola bilioni 700 kwa mwaka. Baadhi ya wanaoiuzia wako Nairobi, Dar na Djibouti.

Mahakama yenyewe ni Mahakama ya Madai ya Shirikisho, iliyopo Washington, Madison Place, jirani kabisa na Ikulu yao. Mizizi yake ni Mahakama ya Madai ya 1855. Sheria ya 1982 iliiunda upya na jina la sasa likaja 1992. Haina baraza la wazee wala jopo la raia: jaji mmoja anasikiliza, anapima ushahidi, anaandika hukumu. Rufaa inakwenda Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho. Mamlaka yake makuu yanatoka Sheria ya Tucker ya 1887. Dai la pesa dhidi ya serikali kuu likizidi dola 10,000, na halihusu madhara kama ya ajali, mara nyingi sana huwa hapa.

Sasa njia ya wakili. Nachukua mfano wa Matthew Solomson kwa sababu historia yake iko wazi kwenye kumbukumbu za umma. Alisoma sheria pamoja na biashara Chuo Kikuu cha Maryland. Alikuwa msaidizi wa kisheria wa Jaji Francis Allegra wa mahakama hii hii. Amekuwa wakili wa Wizara ya Sheria, kwenye idara ya kesi za kibiashara inayoitetea serikali ikishtakiwa na wakandarasi. Amekuwa upande wa wakandarasi katika kampuni ya mawakili ya Sidley Austin, na amekuwa mwanasheria wa ndani wa Booz Allen Hamilton, ambayo ni mkandarasi mkubwa wa serikali. Juu ya hayo aliandika kitabu kizima kuhusu mamlaka na taratibu za mahakama hiyo. Aliteuliwa 2019, Seneti ikampitisha Januari 2020, na 2025 Rais akamfanya Jaji Mkuu wake.

Angalieni alikopita: meza ya jaji, meza ya serikali, meza ya wakili wa mkandarasi, na ofisi ya mkandarasi mwenyewe. Kila meza inafundisha kitu ambacho nyingine haikifundishi.

Kwa jaji unaona jinsi kesi nzuri inavyofia mlangoni. Rasimu nyingi za hukumu zinaanza na ombi la serikali la kuitupa kesi kwa kukosa mamlaka ya kusikilizwa, na huko mdai anaulizwa tarehe na sahihi kabla hajaulizwa kama kazi aliifanya.

Wizarani unafundishwa kuuliza maswali yale yale kila faili linapofika. Dai lilipelekwa kwa afisa mikataba (ofisa wa serikali mwenye mamlaka juu ya mkataba) kabla ya kuja mahakamani? Lilithibitishwa kwa sahihi? Kuna kesi nyingine ya mambo hayo hayo iliyofunguliwa mahakama nyingine? Hilo la mwisho linatoka kifungu cha 1500 cha sheria za mahakama za Marekani, ambacho Mahakama ya Juu ilikikaza mwaka 2011 katika shauri la kabila la Tohono O'odham: kesi mbili zenye msingi mmoja wa matukio haziwezi kwenda sambamba hata kama nafuu zinazoombwa ni tofauti.

Kwenye kampuni ya mawakili unajifunza kuhesabu. Siku ngapi za ucheleweshaji ni za serikali, ngapi za mkandarasi, na karatasi gani inaonyesha hivyo. Na ndani ya mkandarasi unajua nani hasa anatia sahihi tamko la uthibitisho (kwamba dai ni la kweli), na alipewa dakika ngapi kulisoma.

Anayejua kipande kingine aongeze.

#2 Mchanga wa Tiwi

Asante kwa nondo, mkuu. Kwa hiyo naye anakuwa jaji wa maisha kama majaji wengine wa shirikisho?

#3 Bi Shuruti

Hapana, na hapa magazeti mengi huchanganya.

Majaji wa maisha ni wale wa Ibara ya Tatu ya Katiba: wilaya, rufaa, Mahakama ya Juu na Mahakama ya Biashara ya Kimataifa. Mahakama ya Madai imeundwa na Bunge chini ya Ibara ya Kwanza. Ina viti 16. Jaji anateuliwa na Rais, anathibitishwa na Seneti, na muhula wake ni miaka 15. Mshahara ni sawa na wa jaji wa wilaya; kwa 2025 ulikuwa dola 247,400 kwa mwaka. Sheria inamtaka aishi ndani ya maili 50 za Washington, ingawa kesi anaweza kwenda kuisikiliza mji wowote ambako mashahidi wapo.

Miaka 15 ikiisha anaweza kuteuliwa tena. Akisema yuko tayari kuendelea na asiteuliwe, sheria inamlindia malipo yake ya uzeeni, na anaweza kuitwa kuendelea na kesi kama jaji mwandamizi. Ndiyo maana hukumu za mahakama hiyo zina majina zaidi ya 16.

Jambo moja zaidi: Jaji Mkuu wa hapo hachaguliwi kwa ukongwe. Rais ndiye anayemtaja kutoka miongoni mwa majaji waliopo walio chini ya miaka 70.

#4 Kalamu Nyekundu

Niongeze upande wa uteuzi wenyewe, maana ndiko kazi ngumu ilipo na ndiko mawakili wa mikataba wanakosea.

Kabla jina halijatangazwa, kuna mahojiano na ofisi ya mwanasheria wa Ikulu pamoja na Wizara ya Sheria, na FBI wanachunguza historia ya mtu: alikoishi, kazi, kodi, madeni, safari za nje. Kisha jina linapelekwa rasmi Seneti na mteule anawasilisha dodoso la Kamati ya Sheria. Dodoso hilo si fomu ya kujaza jioni moja. Linataka kila andiko alilochapisha, kila hotuba, kila mahojiano na vyombo vya habari, kila jukwaa aliloketi kujadili. Wakili wa mikataba kwa kawaida amezungumza kwenye mikutano mingi ya kitaaluma, mingine kwa dakika 20 bila maandishi. Hapo anatakiwa ataje tarehe, mahali na mwenyeji, na kama hana maandishi aeleze alizungumzia nini. Kilichosahaulika kikiibuliwa na mtu mwingine baadaye, kinaonekana kimefichwa.

Kisha kuna sehemu mbili zinazomtesa mtu wa fani hii.

Ya kwanza: idadi ya kesi alizozifikisha kwenye hukumu baada ya ushahidi kusikilizwa, na kama alikuwa wakili pekee, kiongozi au msaidizi. Wakili wa jinai ataandika makumi. Wakili wa zabuni anaweza kuwa na namba ndogo sana, kwa sababu malalamiko ya zabuni huamuliwa kwa jalada la zabuni lenyewe. Hakuna shahidi kizimbani. Pande zote mbili zinaomba hukumu kutokana na jalada, jaji anasoma kurasa alizoletewa na taasisi iliyotangaza zabuni, basi. Na madai ya ujenzi na huduma mengi yanaisha kwa suluhu. Dawa yake ni kuandika wazi ni maamuzi mangapi yalitolewa kwa jalada, mangapi kwa ushahidi, mangapi kwa hoja za sheria tu. Akiyachanganya ili namba ivimbe, maseneta wanaona.

Ya pili: mashauri 10 makubwa aliyoyaendesha, kila moja na maelezo, jina la jaji, na majina ya mawakili wa upande wa pili. Tatizo ni kwamba jalada la zabuni liko chini ya amri ya usiri. Bei za washindani na alama za tathmini haziruhusiwi kutoka. Kwa hiyo maelezo yote yanatakiwa yajengwe juu ya hukumu iliyochapishwa baada ya kufutwa siri, ile yenye mabano matupu mahali palipokuwa na namba. Mteule akiandika kwa kumbukumbu ya kichwani anaweza kuvunja amri ya jaji akiwa anaomba yeye mwenyewe kuwa jaji.

Baada ya hapo: kikao cha kamati. Wateule wa mahakama hii mara nyingi huketi pamoja na wale wa wilaya na maswali ya papo kwa papo huwa machache. Yanayobaki yanakuja kwa maandishi na yanaweza kuwa makumi ya maswali kutoka kwa seneta mmoja. Halafu kamati inapiga kura, na mjumbe yeyote anaweza kuomba jina lisogezwe wiki moja, jambo ambalo limekuwa kawaida. Likipita linaingia orodha ya Seneti ya majina yanayosubiri kura.

#5 Mchanga wa Tiwi

Na ile karatasi ya buluu, ambayo maseneta wa jimbo husema kama wanalikubali jina, inahusika?

#6 Kalamu Nyekundu

Haihusiki. Karatasi ya buluu ni ya viti vilivyofungwa kwenye jimbo fulani. Mahakama ya Madai ni ya nchi nzima, haina jimbo, kwa hiyo hakuna seneta mwenye neno la nyumbani. Inaonekana ni nafuu, lakini ina upande wa pili: hakuna pia seneta wa nyumbani wa kukusukumia jina likikwama.

#7 Nguzo ya Dari

Na linakwama kweli. Mfano wa 2015 haupaswi kusahaulika.

Rais Obama alikuwa amependekeza watu 5 kwa mahakama hii, akiwemo jaji mmoja aliyekuwa akiombewa muhula wa pili. Mmoja wao, Jeri Somers, alikuwa tayari jaji wa Bodi ya Rufaa za Mikataba ya Kiraia, yaani mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa migogoro ya mikataba ya serikali. Mwingine, Patricia McCarthy, alitoka kitengo cha Wizara ya Sheria kinachoitetea serikali katika mahakama hiyo. Wote walipita kwenye kamati bila upinzani. Walipofika ukumbini Seneta Tom Cotton wa Arkansas akapinga, akisema kazi iliyopo haihitaji majaji zaidi. Kura haikuitishwa. Majina yakakaa mpaka Bunge lile lilipoisha, na tarehe 3 Januari 2017 yakarudishwa Ikulu.

Mmoja wao, Armando Bonilla, aliteuliwa upya na Rais Biden 2021 na kuthibitishwa Februari 2022. Hesabu wenyewe: tangu jina la kwanza mpaka kiapo ni zaidi ya miaka 7. Wengine hawakurudishwa kabisa, na naona ilikuwa hasara, maana viti vya wazi viliachwa wazi na madai yakasubiri.

Kanuni ni hii: kikao cha mwaka kikiisha bila kura, jina linarudi kwa Rais isipokuwa maseneta wote wakubali libaki. Tangu Novemba 2013 kura ya kufunga mjadala kwa nafasi hizi inahitaji wingi wa kawaida tu, kwa hiyo chama chenye wingi kikitaka kinaweza. Gharama yake ni muda wa ukumbi, na Seneti huanza kuutumia muda huo kwa majaji wa maisha.

#8 Bi Shuruti

Watu hawazungumzi hisa, na hili linawauma wateule waliotoka kwa wakandarasi.

Sheria ya kujitoa kwenye kesi inasema jaji mwenye maslahi ya kifedha kwa mhusika wa kesi lazima ajitoe, na imefafanua kwamba maslahi hayo ni umiliki, *hata uwe mdogo kiasi gani*. Hisa moja inatosha. Sasa fikiria mtu aliyefanya kazi miaka kadhaa ndani ya kampuni ya ulinzi au ya teknolojia na akalipwa sehemu kwa hisa. Kampuni hiyo iko mahakamani hapo kila mara, kama mdai au kama mshindi wa zabuni anayeingia kuitetea tuzo yake.

Njia ya kawaida ni kuuza kabla ya kiapo. Kodi ya faida inaweza kuahirishwa kwa cheti maalumu cha kuuza mali, ambacho tangu 2006 majaji nao wanaweza kukipata, lakini cheti kinatakiwa kitoke *kabla* ya mauzo. Ukiuza leo na kuomba kesho, umechelewa, kodi unalipa yote. Na pesa ile inawekwa kwenye dhamana za serikali au mfuko wa uwekezaji wa aina nyingi ndani ya siku 60. Mfuko wa namna hiyo hauhesabiwi kuwa umiliki wa kampuni zilizomo, ila kama jaji anashiriki kuuendesha.

Aliyetoka Wizara ya Sheria ana tatizo la aina nyingine. Serikali ni mhusika wa kila kesi, kwa hiyo hawezi kujitoa kwa sababu ya serikali tu. Anajitoa kwenye kesi alizozigusa yeye, au alizozitolea maoni kuhusu uzito wake. Orodha hiyo anaiandaa mapema na kuipa ofisi ya msajili, ili mfumo wa kugawa kesi usimpelekee.

#9 Ukaya

Wakuu, swali la upande wetu. Kampuni ya Kenya ina mkataba wa huduma na ubalozi wa Marekani. Msimamizi wa ubalozi anaiandikia ujumbe wa simu: "Ongezeni walinzi 6 kuanzia Jumatatu, malipo tutarekebisha." Wanaongeza, miezi 8 inapita, ankara ya nyongeza inakataliwa. Kesi kama hiyo inamfikia jaji huyu mnayemzungumzia?

#10 Nguzo ya Dari

Inaweza kumfikia, Ukaya, lakini ujumbe huo wa simu ndio utakaoiua isipotunzwa vizuri. Twende taratibu.

Kwanza, nani alituma? Kwa mikataba ya serikali ya Marekani anayeweza kubadilisha mkataba ni afisa mikataba mwenye hati ya uteuzi, na hati hiyo ina kikomo. Msimamizi wa kila siku anakagua kazi na kupokea ankara, na barua yake ya uteuzi kwa kawaida inasema waziwazi kwamba hawezi kubadilisha bei, wingi wala muda. Mahakama ya Juu iliweka msingi huu mwaka 1947 katika shauri la Merrill: anayefanya mkataba na serikali anabeba jukumu la kujua kama afisa aliye mbele yake ana mamlaka kweli. "Nilimwamini" haitoshi. Kwa hiyo siku ujumbe ule unaingia, barua pepe iende kwa afisa mikataba siku hiyo hiyo: tumepokea maagizo haya, kutoka kwa fulani, saa hii, tunayachukulia kuwa ni mabadiliko ya mkataba, tunaomba uthibitishe kwa maandishi. Akijibu ndiyo, umepona. Akinyamaza huku akiona walinzi 6 wa ziada kila siku, una hoja kwamba aliridhia. Akisema hapana, rudi kwenye idadi ya mwanzo.

Pili, ankara iliyokataliwa bado si dai. Chini ya Sheria ya Migogoro ya Mikataba ya 1978, dai ni maandishi yanayopelekwa kwa afisa mikataba yakidai kama haki kiasi *kamili* cha pesa na kuomba uamuzi wa mwisho. Ukiandika "takriban dola 140,000 na gharama nyingine zitakazojitokeza" umeshaharibu. Weka namba moja, na chini yake jedwali: walinzi 6, saa kwa zamu, zamu kwa siku, siku za miezi 8, kiwango cha saa cha mkataba.

Tatu, likizidi dola 100,000 linahitaji tamko la uthibitisho lenye mambo manne: dai limetolewa kwa nia njema, taarifa zinazolitegemeza ni sahihi na kamili kwa kadiri anayetia sahihi anavyojua na kuamini, kiasi kinaakisi kwa usahihi marekebisho ambayo mkandarasi anaamini serikali inawajibika kuyalipa, na anayetia sahihi ana mamlaka ya kulithibitisha. Nakili maneno ya kanuni kama yalivyo. Tamko lenye kasoro linaweza kurekebishwa kabla ya hukumu, lakini kukosekana kabisa kunaiondolea mahakama mamlaka. Wakandarasi wa ulinzi wana tamko jingine fupi la maombi ya marekebisho ya bei. Watu hulitumia wakidhani linafanana. Halifanani.

Nne, muda. Dai lipelekwe ndani ya miaka 6 tangu lilipozaliwa. Afisa ana siku 60 za kuamua, au kama dai limezidi dola 100,000, aseme ndani ya siku hizo 60 ataamua lini. Akikaa kimya kupita kiasi inahesabiwa amekataa. Kutoka uamuzi wake ulipopokelewa unachagua moja: siku 90 kwenda bodi ya rufaa, au miezi 12 kwenda Mahakama ya Madai. Ukishachagua umefunga mlango wa pili.

Riba inaanza kuhesabiwa siku afisa mikataba alipolipokea dai, kwa kiwango cha Hazina. Kwa hiyo kila mwezi wa kusitasita kuandika dai ni riba unayoiachia.

#11 Bi Shuruti

Kwenye uchaguzi huo wa mlango, kampuni ya Afrika Mashariki ipime haya.

Migogoro ya mikataba ya balozi inakwenda Bodi ya Rufaa za Mikataba ya Kiraia. Hakuna ada ya kufungua, na afisa wa kampuni anaweza kuiwakilisha bila wakili. Dai lisilozidi dola 50,000 linaweza kwenda kwa utaratibu mdogo, uamuzi ndani ya siku 120, ila uamuzi huo hauna rufaa kwa kawaida.

Mahakama ya Madai inataka kampuni iwe na wakili aliyesajiliwa mahakamani hapo. Mkurugenzi hawezi kusimama mwenyewe hata kama anamiliki hisa zote. Na kwa mdai wa nje kuna sharti la maelewano: nchi yake iwe inawaruhusu Wamarekani kuishtaki serikali yake katika mahakama zake. Kwa Kenya na Tanzania sheria za mashauri dhidi ya serikali zipo (Tanzania ni Sura ya 5, yenye notisi ya siku 90), kwa hiyo ambatanisha sheria yenyewe na maelezo ya wakili wa nchini mapema, usisubiri serikali iibue.

Na mkandarasi mdogo asijidanganye. Kama mkataba wako ni na mkandarasi mkuu, huna mkataba na serikali. Dai lako linapita kwa mkandarasi mkuu, yeye ndiye anayetia sahihi tamko na ndiye jina lake liko kwenye kesi. Kifungu cha kumlazimisha akubebee dai kinawekwa siku ya kusaini mkataba mdogo. Baadaye hana sababu ya kukubali.

#12 Ukaya

Shukrani kubwa. Hilo la maelewano sikuwahi kuliona popote.

#13 Zabuni Wazi

Nyongeza kuhusu malalamiko ya zabuni, maana hii ndiyo sehemu ambayo majaji hawa wanafanya kazi kwa kasi zaidi na ambako uzoefu wa mteule unaonekana wiki ya kwanza.

Aliyekosa zabuni ana milango mitatu: taasisi yenyewe, Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali (GAO), na Mahakama ya Madai. GAO ina siku 10 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kosa, na inaamua ndani ya siku 100. Faida yake kubwa ni kwamba malalamiko ya wakati yanasimamisha mkataba yenyewe tu, bila amri ya jaji. Lakini hesabu yake ni ya hila. Ili mkataba usimame, taasisi lazima ijulishwe *na GAO* ndani ya siku 10 za tuzo, au siku 5 baada ya tarehe ya kikao cha maelezo walichokupa (cha kukueleza kwa nini ulikosa), iliyo ya baadaye kati ya hizo. GAO ina siku 1 kuijulisha. Ukiwasilisha siku ya 5 jioni, GAO ikapiga simu siku ya 6, malalamiko yako ni halali ila mkataba unaendelea kutekelezwa. Wasilisha siku ya 4 asubuhi. Na kikao cha maelezo chenyewe kiombwe kwa maandishi ndani ya siku 3 za kupata taarifa, la sivyo hizo siku 5 hazipo.

Mahakamani hakuna kusimama kwa moja kwa moja. Unaomba amri ya zuio, na jaji anapima kama utashinda, madhara yasiyofidika, mizani ya madhara kati ya pande, na maslahi ya umma. Kabla ya kufungua unatoa notisi ya angalau saa 24 kwa Wizara ya Sheria, mahakama, taasisi na mshindi wa zabuni. Kwa vitendo serikali mara nyingi inakubali kusubiri kwa hiari kwa tarehe fulani ili jaji asiharakishwe, na ndani ya siku chache ratiba nzima inakuwa imewekwa.

Kosa linaloua kesi nyingi: kasoro iliyo wazi kwenye nyaraka za zabuni lazima ipingwe *kabla* muda wa kuwasilisha zabuni haujafungwa. Shauri la Blue & Gold Fleet la 2007 lilifunga mlango huo. Huwezi kukaa na kasoro mfukoni, ukasubiri matokeo, ukashindwa, ndipo uitoe.

Na hata kosa likithibitika, unaonyesha kwamba bila kosa hilo ungekuwa na nafasi ya kweli ya kushinda. Mzabuni wa 5 kwa bei na wa 5 kwa ubora anaweza kuwa sahihi kabisa na bado asipate kitu.

#14 Mchanga wa Tiwi

Mwaka 2025 mahakama hii ilitajwa sana kwenye habari za misaada iliyokatwa. Inahusiana vipi?

#15 Kalamu Nyekundu

Inahusiana moja kwa moja. Tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Juu, katika shauri la Wizara ya Elimu na California, ilisema madai ya kulazimisha serikali ilipe ruzuku iliyositishwa yanaelekea kuwa ya Mahakama ya Madai chini ya Sheria ya Tucker. Tarehe 21 Agosti ikarudia msimamo huo kwa ruzuku za utafiti wa afya. Ghafla kila wakili wa ruzuku akawa anasoma kanuni za mahakama ambayo hakuwahi kuingia.

Tofauti yake ni nzito. Jaji wa wilaya anaweza kuamuru mradi uendelee. Nje ya malalamiko ya zabuni, Mahakama ya Madai kimsingi inatoa hukumu ya pesa. Mradi wa dawa uliofungwa haufunguliwi na hukumu ya pesa inayokuja baada ya miaka 2, na hilo lazima lisemwe wazi kwa walioathirika Kenya, Uganda na Tanzania miradi ya USAID ilipokatwa mapema 2025.

Kwa waliokuwa na *mikataba* badala ya ruzuku, kusitishwa kwa manufaa ya serikali kunampa mkandarasi gharama alizoingia, faida ya haki kwa kazi iliyokwishafanyika, na gharama za kufunga. Faida ya kazi ambayo haikufanyika haipo. Pendekezo la malipo liwasilishwe ndani ya mwaka 1 tangu tarehe ya kusitishwa kuanza, isipokuwa afisa mikataba ameongeza muda kwa maandishi. Pendekezo hilo likifika pahali mazungumzo yamekwama, ndipo linageuka dai na saa ya riba inaanza. Andika barua ya kusema mmekwama. Usiache tarehe hiyo ibaki ya kubishaniwa.

#16 Ukaya

Na hukumu ikitoka, nani analipa? Ubalozi?

#17 Kalamu Nyekundu

Kuna Mfuko wa Hukumu wa Hazina, ambao fedha zake zimeshaidhinishwa na Bunge moja kwa moja, kwa hiyo mshindi hasubiri bajeti. Kwa madai ya mikataba, taasisi iliyoshindwa inatakiwa kuurudishia mfuko. Ndiyo maana taasisi nyingine hukubali suluhu bodi au mahakama ikiandika makubaliano kuwa hukumu: malipo ya kwanza yanatoka Hazina, yao yanakuja baadaye.

#18 Wakili Kijana EA

Wakuu, kwa mwanasheria aliyesoma Dar, Makerere au Nairobi, kuna njia ya kuingia fani hii?

#19 Bi Shuruti

Ipo, mwanangu, na ianzie New York. Kanuni zao zinamruhusu aliyesoma sheria ya mapokeo ya Kiingereza (common law) kwa muda unaolingana na wao kuomba kufanya mtihani wa uwakili. Ikionekana kuna upungufu upande mmoja, muda au mapokeo, shahada ya uzamili ya sheria ya Marekani inaweza kuuziba, nayo iwe na angalau vipimo 24 vya masomo (credits), na baadhi ni vya lazima. Omba tathmini ya vyeti mapema kabisa, maana nyaraka lazima zitoke chuoni moja kwa moja kwenda kwao, na hapo ndipo miezi inapotea.

Kwa fani yenyewe, Chuo Kikuu cha George Washington kimekuwa na programu ya sheria ya ununuzi wa serikali tangu 1960, ilipoanzishwa na Ralph Nash na John Cibinic. Kipo mwendo mfupi wa miguu kutoka mahakamani. Vikao vya wazi vinahudhuriwa na yeyote: ingia ukumbini, kaa nyuma, sikiliza wakili wa serikali na wa mkandarasi wakibishana kama tamko lilitiwa sahihi na mwenye mamlaka.

Kazi ya Wizara ya Sheria na usaidizi wa jaji kwa kawaida zinataka uraia au masharti maalumu, kwa hiyo wengi wenye vyeti vya huku huanzia kampuni za mawakili zenye wateja wanaofanya kazi Afrika. Mkataba wa kambi ya jeshi la Marekani ya Djibouti au wa jengo la ubalozi unahitaji mtu anayejua sheria ya kazi ya hapa, kodi ya hapa na kanuni za ununuzi za kule kwa pamoja. Hicho ni kitu ambacho wenzako wa Washington hawana.

#20 Wakili Kijana EA

Asante sana, mama. Hukumu zao nianze kusoma zipi?

#21 Nguzo ya Dari

Zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya mahakama. Anza na zile zinazotupa kesi kwa kukosa mamlaka, ni fupi, kurasa 8 hadi 15. Kwa kila moja chukua karatasi uandike tarehe tano: tukio, dai kwa afisa mikataba, uamuzi wa afisa, kufunguliwa kesi, hukumu. Kisha tafuta nani alitia sahihi dai na alikuwa na cheo gani. Ukifanya hivyo kwa hukumu 30 utaanza kuona kosa kabla jaji hajalitaja.